Mama mgonjwa kapewa miligramu 30, mimi mzima nikapewa 75. Daktari kakosea?

*"Assalaam alaykum. Naishi Maskati na mwanangu wa miaka sita. Mama yangu, miaka 68, amekuja kututembelea kutoka Unguja. Ana kisukari, na mwaka jana aliambiwa figo zake zimepungua nguvu. Kipimo cha mwisho kilisoma 42. Juzi alishikwa na homa kali, kikohozi na maumivu ya mwili mzima, na jana mtoto akafuatia. Walipimwa puani, wote wawili wakaonekana wana influenza A. Mimi sina dalili yoyote. Tumeandikiwa dawa moja, Tamiflu: mama kapsuli ya miligramu 30 asubuhi na jioni kwa siku tano, mtoto (kilo 20) dawa ya maji miligramu 45 mara mbili kwa siku, na mimi mzima kapsuli ya 75 mara moja kwa siku, siku kumi. Kaka yangu anasema daktari kakosea, mgonjwa hapewi kidogo kuliko mzima, nimwongezee mama kapsuli zangu. Antibayotiki hatukupewa kabisa. Shangazi naye anasema dawa hiyo inatokana na kile kiungo chenye umbo la nyota, bora tuchemshe chai yake. Mama anasikia kichefuchefu tangu aanze. Na dawa ikibaki, je, naweza kumwekea aende nayo nyumbani kwa wajukuu wakipata mafua?"*

Wa alaykum salaam, dada yangu. La kwanza kabla ya yote: usimwongezee mama kapsuli hata moja. Kwa maelezo uliyotoa, daktari wenu hakukosea. Dozi zote tatu ziko sawa, na kila moja ina sababu yake. Naelewa kwa nini kaka yako ameshtuka, maana tumezoea kuamini kwamba ugonjwa mkali unataka dawa nyingi. Kwa dawa hii hesabu haiendi hivyo. Ukijua inaingiaje mwilini na inatokaje, utaona mwenyewe kwamba 30 za mama si dozi pungufu.

Dawa yenyewe inaitwa oseltamiviri. Tamiflu ni jina la biashara. Ilibuniwa na kampuni ya Gilead ya Marekani, ikaendelezwa na kuuzwa na Roche ya Uswisi, na ikaruhusiwa Marekani mwaka 1999. Haiui kirusi. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, wakitarajia homa ishuke siku ileile kama vile umemeza dawa ya kutuliza maumivu. Kazi yake ni kuzuia virusi vipya visisambae.

Kirusi cha influenza kina vitu viwili muhimu juu ya ngozi yake. Kimoja, hemaglutinini, hushika sukari fulani iliyoko kwenye seli za njia ya hewa, asidi ya siyaliki, na kwa njia hiyo kirusi huingia ndani ya seli na kuitumia kuzalisha virusi vingine. Virusi vipya vinapochomoza nje hujikuta vimenaswa na sukari ileile waliyoingilia wazazi wao, mfano wa ngalawa iliyofungwa kamba gatini. Kitu cha pili ni kimeng'enya kiitwacho nyuraminidasi, nacho ndicho kisu cha kukata kamba hizo. Oseltamiviri hujichomeka katika tundu la kimeng'enya hicho ikakiziba. Virusi vipya vinabaki vimeng'ang'ania pale vilipozaliwa na kushikamana vyenyewe kwa vyenyewe, na kinga ya mwili inapata nafasi ya kuvimaliza.

Kutokana na hilo unaweza kuona kwa nini madaktari wanasisitiza saa 48 za mwanzo. Kwa mtu mzima, virusi huwa vingi zaidi katika siku moja hadi tatu za ugonjwa. Dawa ya kuzuia kusambaa inafaa wakati wa kusambaa. Mama ameanza siku ya pili, mtoto siku ya kwanza. Mmewahi, na hilo nawapongeza.

Sasa twende kwenye 30 na 75. Umbo la oseltamiviri linalopambana na kirusi halipenyi vizuri kwenye utumbo. Ukilimeza hivyo hivyo, karibu lote litapita bila kuingia kwenye damu. Wakemia walilifunika kwa kipande kidogo cha ziada ili utumbo ukubali kulipokea. Likishafika kwenye ini, kimeng'enya cha ini hukiondoa kipande hicho na dawa halisi inaanza kuzunguka. Angalau robo tatu ya unachomeza hufika kwenye damu kwa umbo hilo linalofanya kazi, na kwa dawa ya kumeza hicho ni kiwango kizuri sana.

Baada ya hapo ini halina la kufanya tena. Halivunji dawa hii zaidi. Njia yake ya kutoka ni moja tu, mkojo, na haitoki bila figo kuichuja na kuisukuma nje. Kwa mtu mwenye figo nzima, kiasi kilichomo kwenye damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa sita hadi kumi hivi, ndiyo maana mgonjwa wa kawaida humeza 75 asubuhi na 75 jioni. Kwa mtu ambaye figo zake zinachuja polepole, dozi ya asubuhi haijaisha ya jioni inaingia juu yake, kesho yake nyingine, na dawa inarundikana. Mama mwenye figo zinazosoma 42 akipewa 75 mara mbili kwa siku, damu yake itabeba dawa nyingi kuliko wewe ukimeza kiasi kilekile.

Ndiyo maana mwongozo wa dawa hii unasema wazi: figo zikichuja kati ya mililita 30 na 60 kwa dakika, matibabu ni miligramu 30 mara mbili kwa siku kwa siku tano. Kati ya 10 na 30, ni 30 mara moja tu kwa siku. Wanaosafishwa damu kwa mashine wana utaratibu wao tofauti kabisa. Mama yuko kwenye kundi la kwanza na kapewa dozi ya kundi lake. Hizo 30 zinampa ulinzi ambao 75 zinampa mwenye figo nzima. Mueleze kaka yako hivyo, na mwambie pia kwamba kuongeza dawa hakujaonyesha faida hata kwa wagonjwa mahututi: jaribio la hospitali za Kusini-mashariki mwa Asia, lililochapishwa mwaka 2013, liliwapa baadhi ya wagonjwa waliolazwa dozi mara mbili ya kawaida, na hawakupona vizuri zaidi ya wenzao.

Dozi yako wewe ni habari nyingine. Wewe hutibiwi, unakingwa. Unaishi nyumba moja na wagonjwa wawili, unawalisha, unawafuta pua, na daktari ameona ni bora uanze kabla kirusi hakijashika mizizi. Kwa kinga mtu mzima hupewa 75 mara moja kwa siku, yaani nusu ya dozi ya kutibu. Kwa hiyo umepewa kidogo kuliko mgonjwa mwenye figo kama zako angepewa. Katika majaribio, watu waliokingwa hivi baada ya mtu wa nyumbani kuugua walipungukiwa sana na uwezekano wa kuugua nao, ila kinga hiyo ipo siku unazomeza tu, ukimaliza, imekwisha. Ukianza homa au kikohozi katikati ya dozi, mpigie daktari siku hiyohiyo, kwa sababu itabidi uhamie dozi ya matibabu.

Mtoto wa kilo 20 kupewa 45 mara mbili ni sahihi pia, maana watoto hupimiwa kwa uzito. Kwake nina wasiwasi na kitu kimoja tu, kijiko. Dawa ya maji ipimwe kwa bomba la kupimia lililokuja na chupa, kwa mililita alizoandika mfamasia, si kwa kijiko cha chai. Vijiko vya jikoni havilingani, na kosa la mtoto ni kubwa kuliko la mtu mzima. Na mwangalie tabia yake, hasa siku mbili za mwanzo. Wapo watoto na vijana wanaougua influenza ambao huweweseka, huona visivyokuwepo au hufanya mambo ya ajabu. Japani ilizuia dawa hii kwa vijana wa miaka 10 hadi 19 mwaka 2007 kwa hofu kwamba ndiyo inayosababisha, ikaondoa katazo hilo mwaka 2018 kwa kuwa hali hiyo huonekana pia kwa wagonjwa ambao hawakuimeza. Iwe dawa au ugonjwa, mtoto akichanganyikiwa asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali.

Kichefuchefu cha mama ndiyo karaha ya dawa hii inayojulikana zaidi. Katika majaribio, karibu mtu mzima mmoja kati ya kumi aliipata, na kutapika pia kuliongezeka. Mara nyingi huanza siku ya kwanza au ya pili na kutulia. Mpe dawa pamoja na chakula, hata uji mzito au mkate na chai; chakula hakipunguzi nguvu ya dawa hii. Akisahau dozi, ameze akikumbuka, isipokuwa kama dozi inayofuata imebakiza saa mbili au chini ya hapo. Hapo aache, asimeze mbili kwa pamoja. Akitapika mara tu baada ya kumeza, usirudie kwa kukisia; mpigie mfamasia umweleze ni dakika ngapi zilipita.

Sasa niseme ukweli kuhusu faida yake, maana kuna wanaoisifu kupita kiasi na kuna wanaosema haifai kitu. Kwa mtu mwenye afya njema, oseltamiviri hufupisha ugonjwa kwa muda unaokaribia siku moja. Uchambuzi uliotoka katika jarida la Lancet mwaka 2015, ukiwahesabu waliothibitishwa kuwa na influenza, ulipata takriban saa 25. Ule wa mwaka 2014 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua majaribio ya tiba, uliowahesabu wote waliokuwa na dalili zinazofanana na influenza, ulipata karibu saa 17. Je, inazuia watu wasilazwe? Hapo wataalamu bado wanavutana. Majaribio ya wagonjwa wa nje hayajaonyesha wazi kwamba inapunguza kulazwa, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2017 liliishusha kutoka orodha kuu ya dawa muhimu hadi orodha ya nyongeza. Mwongozo wao wa mwaka 2024 unaielekeza kwa wenye influenza kali, na kwa wasio mahututi lakini walio katika hatari unataja dawa nyingine, baloksaviri, inayomezwa mara moja tu na inayozuia uzazi wa kirusi kwa njia tofauti. Taasisi nyingine, ikiwemo CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, zinaendelea kushauri oseltamiviri kwa watu walio hatarini, bila kusubiri wazidiwe.

Mama ana miaka 68, kisukari na figo dhaifu. Ningekuwa mimi nimesimama dirishani pale famasi, ningempa dawa hiyo kwa moyo mweupe. Kwa kijana wa miaka 25 mwenye mafua asiye na ugonjwa wowote, ningemshauri apumzike, anywe maji na ahifadhi fedha yake.

Antibayotiki hamkupewa kwa sababu hazihusiki. Amoksisilini na azithromaisini hushambulia bakteria, na influenza ni kirusi. Hazina pa kushika. Najua kwetu mtu akitoka dukani bila kapsuli za rangi mbili anaona hakutibiwa. Ila mama akizimeza bila sababu anaweza kupata kuharisha juu ya kichefuchefu, na siku atakayozihitaji kweli huenda bakteria wake wamezizoea. Zipo hali zinazozihitaji: bakteria wakati mwingine huvamia mapafu yaliyochoka kwa influenza. Dalili yake kubwa ni mgonjwa aliyeanza kupata nafuu, homa ikashuka, kisha baada ya siku moja au mbili homa ikarudi kwa nguvu na kikohozi kikazidi. Ukiona hivyo mrudishe hospitali.

Shangazi hajasema uongo, ameishia nusu ya njia. Ni kweli kwamba kiungo kile cha Kichina chenye umbo la nyota kina asidi inayoitwa shikimiki, na asidi hiyo imetumika kama malighafi ya kutengenezea oseltamiviri. Lakini inapita hatua nyingi za kemia kiwandani kabla haijawa dawa. Ikiwa ndani ya chai haizibi nyuraminidasi ya kirusi chochote. Kunywa chai yenye viungo kwa ajili ya koo na joto la kifua si vibaya. Kuwa mwangalifu tu na kiungo cha aina hiyo kisichojulikana kilikotoka, kwa sababu kipo cha Kijapani kinachofanana nacho sana nacho ni sumu, kimewahi kusababisha degedege. Usimpe mtoto chai hiyo.

Kuhusu kuhifadhi, kusibaki kitu. Mama amalize siku zake tano na wewe siku zako kumi hata kama mnajisikia vizuri, maana muda huo ndio uliojaribiwa. Dawa ya maji ya mtoto ikishachanganywa na maji hudumu siku 10 tu nje ya jokofu, 17 ndani yake, kisha haifai. Hata kapsuli nzima nisingependa ziende kwa wajukuu. Mafua mengi ya watoto yanaletwa na virusi vingine, hasa rinovirusi, ambavyo havina nyuraminidasi ya kuzibwa. Mtoto anaweza kutapika bure. Tena dozi ya mtoto inategemea kilo zake, na bibi hana mizani wala bomba la kupimia.

Utasikia pia kwamba kumeza nusu dozi kunazalisha virusi sugu. Usugu upo kweli: majira ya baridi ya 2007 na 2008, aina ya H1N1 iliyokuwa ikizunguka wakati ule ilianza kuonekana Ulaya, Norway hasa, ikiwa imebadilika sehemu moja tu ya nyuraminidasi kiasi cha kuikataa oseltamiviri, na msimu uliofuata ilikuwa imeenea duniani. Norway hata haikuwa ikiitumia sana dawa hiyo. Kwa hiyo sitakutisha kwamba kapsuli moja iliyosahaulika italeta balaa. Sababu yangu ya kukataa akiba ya nyumbani ni ile ya kwanza, kwamba mtoto atapewa dawa isiyo yake kwa ugonjwa usiojulikana.

Kuna mambo mawili hukuyauliza ambayo kwa mama ni makubwa kuliko kapsuli. La kwanza ni dawa za maumivu. Asimeze diklofenaki wala ibuprofeni, hata kama ndizo alizozoea kwa magoti. Figo zikiwa dhaifu, na mwili umekauka kwa homa na kutapika, dawa hizo zinaweza kuziangusha figo ndani ya siku chache. Parasetamoli inatosha, kwa kiwango kilichoandikwa. Mtoto naye asipewe aspirini kabisa akiwa na influenza, kwa sababu inaweza kuleta madhara mabaya ya ini na ubongo. Na kama mama anatumia probenesidi, dawa ya jongo, mwambie daktari leo, kwani huzuia figo kuitoa oseltamiviri na kiasi chake kwenye damu hukaribia kuongezeka maradufu.

La pili ni sukari. Homa yenyewe hupandisha sukari hata kwa mtu asiyekula, na kutapika huweza kuishusha kama anaendelea na dawa zake. Mpime mara nyingi kuliko kawaida. Kama yuko kwenye insulini, asiache kwa sababu tu hajala. Kama anameza metifomini au dawa za presha zinazoongeza mkojo, na anatapika au anaharisha, mpigie daktari aseme kama zisimamishwe kwa siku hizi. Ni uamuzi wa daktari, ila simu ni juu yako.

Msisubiri miadi ikiwa mama anapumua kwa shida, ana maumivu au mgandamizo wa kifua, anachanganyikiwa au kusinzia kupita kawaida, hapati mkojo kwa muda mrefu, au midomo inageuka rangi. Kwa mtoto, angalia mbavu zikivutwa ndani anapopumua, akikataa kunywa, akilegea, au akilia bila machozi. Hizo ni za kwenda hospitali saa hiyohiyo, mchana au usiku.

Na kwa kuwa mama ametoka Unguja karibuni, mwombe daktari ampime malaria pia kama homa haishuki ndani ya siku mbili tatu, hata kama kipimo cha pua kimeshaonyesha influenza. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili, na daktari wa Maskati hatafikiria malaria kama hakuna aliyemwambia mgonjwa alikuwa wapi. Akirudi nyumbani mpe karatasi yenye kipimo chake cha figo na dawa zake zote, aionyeshe kila anapokwenda kununua dawa.